Wakulima wa Kanda ya Ziwa, tuongee bei ya mbolea kwa hesabu: mfuko unatugharimu kiasi gani hadi ufike jarubani?

Mtoa mada (Magu):

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa mbolea ukianza humu, wanaoongea ni ndugu zetu wa Mbeya, Njombe, Songwe na Ruvuma. Ni haki yao, huko ndiko mbolea nyingi ya nchi hii inakoishia. Ila bei ikipanda, sisi wa Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe tunaumia kwa namna ambayo haionekani, kwa sababu mtu aliyeshindwa kununua mfuko haingii kwenye hesabu ya mauzo ya duka lolote. Anapanda hivyo hivyo, anavuna kidogo, basi. Hilo ndilo nataka tulijadili.

Mimi nalima mpunga. Majaruba (vipande vya mpunga vilivyozungushiwa tuta la kushika maji) yako mbugani, na juu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, tunaweka mahindi na muhogo.

Tuanze na bei yenyewe. Kabla ya 2021 mfuko wa kilo 50 wa DAP (ya kupandia, yenye fosforasi) au Urea (ya kukuzia, yenye naitrojeni) ulikuwa ukizunguka kwenye elfu 50 hadi 60 na kidogo. Mwaka 2022 DAP bila ruzuku ilifika karibu 130,000 na Urea karibu 125,000. Ukichukua ule ushauri wa kawaida wa mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari, mkulima aliyekuwa anahitaji laki moja na kitu alijikuta anahitaji zaidi ya laki mbili na nusu kwa ekari moja, kabla hajalipa trekta, mbegu wala vibarua wa kupandikiza.

Sababu zilikuwa mbali na sisi. Urea inatengenezwa kwa gesi asilia: gesi inatoa amonia, amonia inatoa Urea. Mwaka 2021 gesi ilipanda sana Ulaya, viwanda vingine vikasimamisha uzalishaji. Oktoba mwaka huo China ikabana mbolea yake isitoke nje ili wakulima wake wasikose. Desemba Urusi nayo ikaweka ukomo wa kuuza nje. Belarus, ambayo ni muuzaji mkubwa wa potashi, ikawekewa vikwazo. Februari 2022 vita vya Ukraine vikaanza, na kufikia Aprili tani ya Urea kwenye soko la dunia ilikuwa imevuka dola 900. Baadaye bei ya dunia ilishuka, lakini shilingi nayo ilikuwa inashuka. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka 2024 ikavuka 2,600. Mbolea inalipiwa kwa dola, kwa hiyo nafuu nyingine iliishia bandarini.

Serikali ilileta ruzuku, na lazima tuseme ukweli kwamba ilisaidia. Rais Samia aliizindua Agosti 8, 2022 pale Mbeya kwenye Nane Nane, na bei ya msimu ule ikawa DAP na Urea 70,000, CAN 60,000, SA 50,000 (hizi mbili nazo ni za kukuzia). Kilichotakiwa ni kujiandikisha kwenye daftari la kijiji, kupata namba ya mkulima na kwenda kwa wakala. Nani angeikataa hiyo?

Sasa hoja yangu. Ile 70,000 ilikuwa bei ya mfuko ukiwa kwa wakala. Mawakala hufungua pale penye wateja wengi, na huku kwetu wateja wa mbolea ni wachache, kwa hiyo wakala anakaa makao makuu ya wilaya au mjini kabisa. Mkulima wa kijijini anapanda gari kwenda, anakuta mtandao umekata au mzigo wa DAP umeisha, analala kwa ndugu au anarudi mikono mitupu. Akifanikiwa, mfuko unalipiwa nafasi kwenye gari, halafu bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani. Mwenye ekari moja ndiye anayeumia zaidi, maana safari ni ile ile, ununue mfuko mmoja au kumi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni wakati. Huku mpunga tunavuna Mei na Juni. Mwezi huo gunia moja la mpunga linakaribia kabisa kununua mfuko mmoja wa ruzuku. Ila Juni nani anauza mbolea kijijini? Hakuna. Mbolea inaanza kutafutwa Novemba, na presha yenyewe ni Januari na Februari tunapopandikiza, mwezi ambao watoto wanarudi shule, ghala limebaki na chakula cha nyumbani, na gunia lile uliloliuza Juni (tena kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na bado inafungwa mbele ya macho yetu) sasa linauzwa bei ya juu na mtu mwingine. Kwa hiyo mkulima anakopa. Wapo wanaouza mpunga ukiwa bado majani shambani ili wapate hela ya Urea. Huyo hata apewe mfuko kwa elfu 50, bado ameununua kwa bei mbaya.

Naomba michango. Ninachotaka kusikia ni namna mnavyofanya, hasa ninyi wa visiwani.

Mdau, Sengerema:

Mkuu, umeandika vizuri ila kuna jambo moja. Zamani tulikuwa tunaambiwa bei ya huku inapanda kwa sababu ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Lori linasubiri foleni, muda ni hela. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unavuka kwa dakika chache. Mbona dukani kwangu mfuko haujashuka?

Mtoa mada:

Ndugu yangu wa Sengerema, daraja limeondoa kipande kifupi cha safari ndefu. Mbolea inashukia Dar es Salaam, na kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa lori. Dizeli ndiyo inaamua. Reli ya kisasa ikifika huku na ikabeba mizigo, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kudai tofauti ya maana.

Faida ya daraja kwa sasa ni nyingine: wakala wa Mwanza mjini anaweza kuleta mzigo Sengerema asubuhi na kurudi mchana. Mkijikusanya wakulima wa kijiji kimoja, mkaagiza tani kadhaa kwa pamoja kupitia AMCOS (chama chenu cha ushirika cha wakulima), gari litakuja hadi kijijini. Mtu mmoja mmoja hawezi kulivuta hilo gari.

Mdau, Nyamagana:

Mimi siwaelewi Wasukuma wenzangu. Mna ng'ombe wamejaa mazizini, halafu mnalilia mbolea ya dukani. Samadi ni bure. Tatizo ni uvivu.

Mtoa mada:

Mkuu, umegusa jambo kubwa, ila neno "bure" silikubali, na neno "uvivu" ndio kabisa.

Tupige hesabu. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kama asilimia moja hivi, yaani tani moja inakupa karibu kilo 10. Ili upate naitrojeni ya mfuko mmoja wa Urea unahitaji zaidi ya tani mbili za samadi. Nani anabeba? Ni mkokoteni na maksai, safari kwa safari, au ni akina mama na beseni kichwani. Na kuna familia nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Hao samadi wanainunua.

Halafu angalia samadi yenyewe ilivyokaa. Zizi letu la kawaida ni miiba na jua. Jua linachoma, mvua inaosha, naitrojeni nyingi inapotea kabla hujagusa koleo. Ukisogea kwenye zizi asubuhi ukasikia ile harufu kali inayochoma pua, hiyo ni amonia inaondoka. Ni mbolea ile ile unayoenda kuinunua mjini.

Ila kwa upande mwingine uko sahihi, na naomba wote tulisikie hili: kwenye luseni, mbolea ya dukani bila samadi ni hasara. Ule mchanga haushiki kitu. Mvua moja kubwa ya Machi inapitisha Urea yako chini ya mizizi. Samadi ndiyo inayoupa udongo uwezo wa kushika maji na virutubisho. Pale Ukiriguru, Misungwi, watafiti waliijaribu samadi kwenye pamba tangu enzi za ukoloni, wakaona faida yake haiishi msimu ule ilipowekwa, inaendelea misimu inayofuata. Urea haifanyi hivyo.

Kwa hiyo mimi nasema samadi kidogo na mbolea kidogo. Weka paa la nyasi juu ya rundo, lifunike, lisikauke kabisa wala lisilowe. Kazi ya siku chache tu, na nimeona tofauti kwenye mahindi.

Mdau, Ukara:

Umetaka watu wa visiwani, nimekuja.

Asili yangu ni Ukara, kisiwa kidogo upande wa kaskazini wa Ukerewe. Kwetu watu ni wengi na ardhi ni ndogo, na udongo wake ni mchanga uliotoka kwenye mawe. Wazee wetu wasingekuwa na mbolea tungehama wote. Ng'ombe walikuwa wanafugwa ndani, kwenye shimo ndani ya nyumba, wanakatiwa majani na kuletewa. Samadi inajaa shimoni, inachanganyika na mabaki ya majani na mkojo, haipigwi na jua. Ikifika wakati inachimbwa na kubebwa hadi shambani. Uwele ukishaota, katikati yake wanapanda marejea. Uwele unavunwa, marejea yanabaki yanakua, halafu yanalimiwa chini yaoze. Wazungu walikuja kutuandika vitabuni tangu zamani wakishangaa.

Ninachotaka kusema ni kwamba maarifa haya yanakufa. Vijana wako ziwani kwenye dagaa, hakuna wa kukata majani wala kuchimba shimo. Kwa hiyo na sisi tunasubiri mfuko, na mfuko hadi ufike Ukara umepanda gari, umepanda kivuko, umepanda tena chombo kingine. Ukiupigia hesabu unalia.

Mtoa mada:

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Naomba kila anayepita kwenye uzi huu asome mchango huu mara mbili.

Niongeze kwenye marejea: ni jamii ya mikunde, mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani. Choroko, kunde, dengu na karanga nazo ni familia hiyo hiyo. Dengu tunazipanda mbugani baada ya mpunga kwa unyevu uliobaki. Wengi tunaziona ni za kuuza tu, kumbe zinaacha kitu ardhini. Ukivuna usiyachome mabaki.

Na kwa bei ya visiwani, mimi naona hapa ndipo serikali inapotakiwa kuweka ruzuku ya usafiri peke yake. Mtu wa Ukara na mtu wa pembeni ya barabara ya lami hawawezi kuambiwa wanapata mbolea sawa kwa sababu tu tangazo limeandika bei moja.

Mdau, Kisesa:

Mimi ni mama wa bustani, nalima nyanya na sukuma wiki karibu na ziwa. Sina uwezo wa mfuko, nanunua kilo mbili au tatu. Dukani wanapima kilo moja kwa shilingi 2,000. Juzi nimenunua ya kukuzia, nimeweka wiki mbili sioni kitu. Nitajuaje kama ni feki?

Mtoa mada:

Pole sana mama. Kwanza tuone hiyo 2,000. Kwa ile bei ya ruzuku ya 2022, mfuko wa 70,000 ukigawanya kwa kilo 50 unapata 1,400. Wewe uliyepimiwa kwa 2,000 umelipa sawa na 100,000 kwa mfuko. Mwenye hela kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo, na hakuna anayemwandika popote. Mifuko ya kilo 5, 10 na 25 inatengenezwa, lakini kwenye maduka ya huku kuipata ni bahati. Kama kuna wakala anasoma hapa, tuletee hiyo, wateja tupo.

Kuhusu ubora: Urea ni chembe nyeupe za duara, zinalingana. Chukua glasi ya maji, tia vijiko viwili vya Urea, koroga huku umeishika glasi mkononi. Inayeyuka yote na glasi inapoa waziwazi, utaihisi kwenye vidole. Ukiona mchanga umebaki chini, au haipoi kabisa, una wasiwasi wa haki. Chumvi nayo inayeyuka, ila baridi yake huwezi kuilinganisha na ya Urea. Kipimo hiki hakitakuambia kila kitu, kinakusaidia kukamata wizi wa wazi. Ukiwa na shaka, bakiza kidogo pamoja na risiti, peleka kwa afisa ugani.

Jambo lingine, huenda mbolea ilikuwa nzima ila ilipotea hewani. Urea ukiimwaga juu ya udongo mkavu wakati wa jua kali, sehemu kubwa inageuka amonia na kuondoka. Chimba kijishimo kando ya mmea, weka, fukia, mwagilia. Na kwa kuwa uko karibu na ziwa, usiweke kabla ya mvua kubwa wala kwenye mteremko wa kuelekea majini. Ile inayoosheka inaenda kulisha gugumaji, na mitumbwi ya ndugu zetu inakwama humo.

Mdau, Kwimba:

Mkuu, tukichukua zile bei za ruzuku za 2022, nikiwa na hela ya mfuko mmoja tu wa kukuzia, CAN ya 60,000 si bora kuliko Urea ya 70,000? Elfu kumi ni hela.

Mtoa mada:

Usinunue uzito, nunua kirutubisho. Urea ya 70,000 ina kilo 23 za naitrojeni: kila kilo ya naitrojeni umeilipa kama 3,000. CAN ina asilimia 26, mfuko una kilo 13: kila kilo umeilipa kama 4,600. SA ya 50,000 ina asilimia 21, kilo 10 na nusu: kila kilo karibu 4,800. Iliyoonekana rahisi kuliko zote ndiyo ya bei kubwa.

Zina faida zake, sikatai. CAN haipotei hewani kirahisi kama Urea, na SA ina salfa, ila ukiitumia miaka mfululizo inaongeza tindikali ya udongo. Kwa mpunga wa mbugani, Urea. Punguza maji jarubani yabaki matope, mwaga, vuruga kidogo iingie kwenye tope, halafu rudisha maji. Na DAP usiiache kabisa. Mwaka ule wa bei kubwa wengi walikimbilia kukuzia wakaruka ya kupandia, mahindi yakatoka na majani ya zambarau na mizizi mifupi. Ile ni njaa ya fosforasi, Urea haiitibu.

Mdau, Nyamagana:

Narudi. Neno uvivu nalifuta. Swali: nchi ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa nini Urea tunaagiza?

Mtoa mada:

Swali la haki kabisa, mkuu. Gesi ya Songo Songo inafua umeme tangu 2004. Kiwanda cha Urea ni uwekezaji mkubwa mno, kinahitaji gesi nyingi kwa bei ya uhakika kwa miaka mingi, na mazungumzo ya kukijenga kusini yamesikika miaka na miaka bila kiwanda kusimama. Tuliwahi kuwa na kiwanda Tanga, kilianza miaka ya 1970, ila kilitegemea malighafi ya kuagiza nje na kikafungwa. Sasa hivi tunayo Minjingu kule Manyara inayotokana na mwamba wa fosfati, nzuri kwenye udongo wenye tindikali ingawa inafanya kazi taratibu, na kiwanda cha Itracom pale Nala, Dodoma kinachotoa mbolea za FOMI zenye mchanganyiko wa samadi na madini. Naitrojeni ndiyo bado inatutesa.

Viongozi wa Afrika walikutana Abuja Juni 2006, wakaahidi kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Jaruba langu halijawahi kuiona hiyo 50.

Mdau, Misungwi:

Nina ekari moja ya mahindi, luseni, na hela ya mfuko mmoja wa DAP. Nifanyeje usipotee? Na hili la mbolea kukosekana kijijini Juni, wakati wa mavuno, tunalisemea wapi?

Mtoa mada:

Mahindi panda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Hapo ekari ina mashimo kama 9,000. Kifuniko cha soda kikijaa sawasawa kinabeba gramu 5 na kidogo. Kifuniko kimoja kila shimo, na mfuko wako mmoja unamaliza ekari nzima. Weka mbolea, rudishia udongo vidole viwili, ndipo uweke mbegu, zisigusane. Kama una samadi, konzi moja kila shimo kabla ya yote.

La Juni, andikeni barua kupitia AMCOS au serikali ya kijiji, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya. Ombeni jambo moja tu, wakala aje kijijini wiki za mavuno akiwa na mzigo na mashine ya kusajili mauzo, siku itangazwe mapema ili watu wasiuze mpunga wote. Sisi ya kwetu tunaiandika wiki hii. Mwenye nia na aniandikie kwa ujumbe wa faragha nimtumie nakala aibadilishe jina la kijiji, maana barua kumi kutoka wilaya tano ni ngumu kuzifungia kabatini.